Mbolea Iliyo Hewani: Maneno kwa Wanachama Walimao Maharagwe

Wengi wetu tuna mkono mmoja kazini na mmoja shambani. Mshahara ukipatikana, sehemu yake hununua mbolea, na bei ya mbolea hatuipangi sisi. Kwa hiyo leo twataka kusema juu ya mbolea ya vijidudu.

Katika hewa, sehemu 78 kwa kila 100 ni naitrojeni, chakula kikubwa cha mimea. Lakini mmea hauwezi kuila hivi hivi. Vijidudu viitwavyo rizobia hukaa katika vinundu vya mizizi ya mharagwe, huigeuza naitrojeni ya hewa iwe chakula, nao mharagwe huvilipa kwa sukari. Ni mkataba wa haki. Mwaka 1888 Martinus Beijerinck wa Uholanzi alivitoa vijidudu hivyo katika vinundu na kuvikuza. Leo huuzwa katika pakiti, vimechanganywa na unga.

Kazi yake ni hii. Tazama tarehe ya mwisho, ufuate kipimo cha pakiti. Lowesha mbegu kidogo kwa maji ya gundi au ya sukari, uchanganye mpaka kila mbegu ipakwe. Fanya kivulini, maana jua kali huviua vijidudu. Panda siku hiyo hiyo katika udongo wenye unyevu, na ufukie mara moja. Mbegu isigusane na mbolea ya chumvichumvi.

Lakini tusidanganyane. Udongo ukiwa mchachu, au ukikosa fosforasi, vijidudu havifanyi kazi vizuri. Mfanyakazi mwenye njaa hainui jembe. Tena, shamba lililolimwa maharagwe miaka mingi huenda lina vijidudu vyake, na faida ikawa ndogo.

Kwa hiyo tujaribu kwanza. Tupande mistari michache yenye dawa na mingine isiyo nayo, katika shamba moja, siku moja. Maharagwe yakitoa maua, tuchimbe mche polepole kwa jembe, tusiung'oe, tupasue vinundu. Ndani vikiwa vyekundu, kazi inafanyika. Vikiwa vyeupe au kijani, hakuna kazi. Wakati wa mavuno tupime kila upande kwa mizani.

Aliyepata faida na atuambie katika mkutano wa tawi. Asiyepata atuambie vilevile, ili mwenzake asipoteze mshahara wake. Umoja wetu si wa kiwandani tu. Na uwe wa shambani pia.