Kijana Akiumia kwa Mashine ya Mchanga, Kikundi Kifanye Nini?

(Haya ni mazungumzo tuliyokuwa nayo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia kutoka Thika na Ruiru. Tumeyaandika karibu vile tulivyoyasema, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

 

Tulikuwa tumewaambia kwamba leo tutazungumza juu ya mikopo. Mtatusamehe, hayo tutayasema siku nyingine. Leo tunataka kuzungumza juu ya michango ya hospitali, na tutawaeleza sababu.

Kikundi kimoja cha akina mama kilituletea kitabu chake cha hesabu tukikague, kama tunavyofanya kila mwaka. Walikuwa wameweka akiba ya kununua mbuzi wa maziwa. Mbuzi hawakuonekana. Tukafungua kurasa moja moja, na tukaona pesa ilikokwenda: mchango wa hospitali, mchango wa hospitali, mchango wa hospitali. Tukauliza, hawa wagonjwa walikuwa na nini? Huyu jiwe lilimrukia jichoni kwari. Huyu alivunjwa mguu na lori lililokuwa likirudi nyuma bila mtu wa kuliongoza. Huyu alikatwa vidole kwa mashine ya mchanga. Tukauliza tena, na mwenye mashine alitoa nini? Mama mwenyekiti akacheka kidogo, akasema, "Alileta pole."

Mnaona? Kikundi kilidhani kinasaidia mgonjwa, na kweli kilimsaidia. Lakini kilikuwa pia kinalipa deni la mtu mwingine, mtu mwenye malori, bila yeye kuombwa hata shilingi.

Nyinyi mnaijua kazi hii kuliko sisi. Tangu barabara kuu ya Thika ikamilike mwaka 2012, Ruiru na Juja kila kona ni mjengo, na mjengo unataka mawe, kokoto na mchanga. Mchanga wa mtoni kutoka Ukambani umekuwa wa kubanwa. Kaunti ya Makueni iliutungia sheria yake mwaka 2015. Kwa hiyo siku hizi mawe magumu yanasagwa hapa hapa kwetu mpaka yawe mchanga. Jiwe linaingia kwenye krasha, linapasuliwa, linabebwa na mkanda, linachujwa kwenye chekeche kubwa, mengine yanaoshwa. Ukisimama barabarani unaona vumbi tu. Hatari yenyewe iko ndani.

Tuwaambie jinsi vidole vinavyokwenda, kwa sababu ni jambo dogo sana. Mchanga wenye maji unagandamana kwenye rola ya nyuma ya mkanda. Ukigandamana, mkanda unakwenda upande. Kijana anaambiwa aukwangue. Dawa ni kuzima mashine kwanza, lakini kuzima na kuwasha ni kupoteza dakika na dizeli, na nyapara anahesabu malori. Basi kijana anakwangua kwa kipande cha ubao mkanda ukikimbia. Mkanda wa namna hiyo hukimbia mita moja au zaidi kwa sekunde. Ubao ukinaswa, mkono unaufuata kabla hajakumbuka kuuachilia. Wengine wetu tulifikiri ni uzembe wa vijana, mpaka tulipokwenda kuona. Rola haikuwa na kifuniko cha chuma, na ile waya ya kuvuta ili mashine isimame haikuwako kabisa. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu hizo zifunikwe. Tena inasema vifaa vya kujikinga vinunuliwe na mwajiri, wala visikatwe kwenye mshahara wa kibarua.

Na msisahau rundo la mchanga lenyewe. Mchanga wa mita moja kwenda juu, moja kwenda mbele na moja kwenda kando una uzito wa zaidi ya kilo 1,500. Kijana akichota kwa chini na rundo likamshukia mpaka kifuani, si watu wawili wa kumvuta mkono watakaomtoa.

Sasa turudi kwa yule wa vidole. Tutamwita kijana tu, maana jina lake ni lake. Aliumia asubuhi. Msimamizi mwenyewe alimpeleka hospitali kwa pikipiki, na njiani akamwambia, "Sema umejikata na panga shambani, tusije tukafungiwa, na wewe utarudi kazini ukipona." Kijana akasema hivyo. Kadi ya hospitali ikaandikwa hivyo. Alipopona alirudi, akapewa kazi ya kufagia kwa majuma machache, halafu akaambiwa hakuna kazi. Alikaa nyumbani. Alipokuja kwetu ilikuwa imepita mwaka mmoja na miezi kadhaa. Hakuwa na barua ya kazi wala hati ya mshahara. Tulipofika kwa mwenye mashine tuliambiwa kwa upole kwamba kijana huyo hawamjui.

Hapa ndipo tunataka msikilize vizuri. Kuna sheria ya fidia ya wanaoumia kazini, ya mwaka 2007, ambayo ofisini wanaiita WIBA. Sheria hiyo inasema dai lipelekwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, na kama mtu amekufa, ndani ya miezi 12 tangu kifo. Inasema pia kwamba haki inapotea kama ajali haikuripotiwa kwa mwajiri ndani ya miezi hiyo 12. Lakini inaongeza neno moja la maana: kutoripoti si kizuizi ikithibitishwa kwamba mwajiri alijua habari za ajali kwa njia nyingine. Na dai likichelewa, linaweza bado kusikilizwa kama ajali yenyewe ilikuwa imeripotiwa. Kwa hiyo swali lote likawa hili: nani atathibitisha kwamba mwenye mashine alijua?

Tulikata tamaa, tuseme ukweli. Ni katibu wa kile kikundi cha mbuzi aliyetuokoa. Mama yake kijana ni mwanachama. Katibu alifungua kitabu cha mikutano, siku tatu baada ya ajali, na kwa mwandiko wake wa shule ya msingi alikuwa ameandika: mtoto wa mwenzetu amekatwa vidole kwa mashine ya mchanga, tumechanga, na msimamizi wa pale amefika kwenye mkutano na kutoa shilingi 2,000. Ameandika na jina la msimamizi. Hakuwa anafikiria sheria yoyote. Alikuwa anataka hesabu ya siku hiyo ilingane.

Faili imefunguliwa. Haijamalizika, na hatutawadanganya kwamba kijana ameshalipwa. Ile kadi yenye habari za panga bado inamsumbua. Lakini sasa mwenye mashine anamjua.

Je, mtu anadai nini? Kwanza, matibabu ni ya mwajiri, hata kama ulilipiwa na SHA au na kikundi. Wekeni risiti. Pili, kama huwezi kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi, unastahili malipo ya kipindi hicho, yasiyozidi miezi 12. Tatu, ukibaki na kilema cha kudumu, daktari anapima asilimia, na hesabu inafanywa kwa mapato ya miezi 96. Tuseme mtu alikuwa akipata shilingi 15,000 kwa mwezi. Mara 96 ni shilingi 1,440,000. Akipimwa asilimia 10, ni shilingi 144,000. Linganisheni na shilingi 2,000 za pole. Aliyekufa, wanaomtegemea wanastahili fidia, na gharama za mazishi zinahesabiwa pia.

Kuna watakaowaambia nendeni moja kwa moja kortini. Zamani wengi walikwenda, na sheria hii yenyewe ilibishaniwa tangu Mahakama Kuu mwaka 2009 mpaka Mahakama ya Juu Kabisa ilipotoa uamuzi mnamo Desemba 2019. Sasa dai linaanza kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, kupitia maafisa wake. Fomu ya ajali inajazwa na mwajiri na daktari. Usipokubaliana na uamuzi unapinga ndani ya siku 60. Kwa hiyo yule mtu anayezunguka wodini na kalamu akiwaambia wagonjwa watie sahihi, mwambieni asubiri kidogo.

Mzee mmoja hapa aliuliza kabla hatujaanza: kama hana barua ya kazi? Ndugu, karibu wote hawana. Makubaliano ya mdomo ni makubaliano. Sheria ya kazi inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zinazofikia mwezi mmoja si kibarua wa siku tena. Ushahidi uko mifukoni mwenu: ujumbe wa M-Pesa wa kila Jumamosi kutoka kwa nyapara. Msiufute ili kupunguza simu. Mwenzako mliyepakia naye lori ni shahidi. Mama anayewauzia uji saa nne ni shahidi, na mara nyingi yeye ndiye anayejua majina yote.

Na swali gumu zaidi, lile la mama wa Juja: akiripoti, si atafukuzwa? Hatuwezi kuwaahidi kwamba hatafukuzwa. Sheria inasema kulalamika si sababu ya haki ya kumfukuza mtu, lakini sote tunajua nyapara hasomi sheria, na kijana akitoka leo kesho wako wengine watano langoni. Tena mwenye mashine huyo huyo ndiye anayetoa lori la bure kwenye mazishi. Ni jirani. Hatusemi mumfanye adui. Tunasema bima anatakiwa na sheria kuwa nayo, na kazi ya bima ni hii. Akiwa na bima na akiandika ajali mapema, hata yeye analala vizuri. Tumeona ni rahisi zaidi wakienda watu watatu wa kikundi na kitabu chao, kuliko mgonjwa akienda peke yake na bendeji.

Kwa hiyo tunaomba makatibu wafanye jambo hili. Mtu akiumia kazini, siku hiyo hiyo andikeni tarehe, saa, mahali, mashine gani, nani aliona, na nani wa kazini aliambiwa. Kama kuna barua fupi kwa mwajiri, bakini na nakala. Na mgonjwa asidanganye hospitali, iwe Thika Level 5 au Ruiru au kliniki ya jirani. Amwambie daktari, "Nimeumia kazini," na aangalie kwamba imeandikwa. Hili ni gumu kuliko yote, kwa sababu msimamizi ndiye mwenye pikipiki. Mzazi au ndugu afuate haraka.

Tuseme neno moja juu ya vumbi, kisha tuwaachilie. Vumbi la mawe yanayosagwa, lile laini lisiloonekana vizuri, huingia mapafuni na kukaa. Baada ya miaka linaleta silikosisi, ambayo haina dawa ya kuiponya, na inamfanya mtu ashikwe na kifua kikuu kwa urahisi. Kitambaa cha kufunga puani hakilizuii. Kumwagia maji mawe yanaposagwa kunasaidia sana kuliko kitambaa. Mtu aliyefanya kazi ya krasha miaka mingi akikohoa, amwambie daktari kazi aliyofanya. Wengi hutaja kikohozi tu, wakasahau mashine.

Mkutano ujao tutauanza kwa vitabu. Kila katibu aje na chake, na tutasoma michango yote ya matibabu ya miezi 12 iliyopita, tuone ni ipi iliyokuwa ajali ya kazi. Mwenye jamaa ambaye miezi yake inakaribia kwisha asingoje mkutano huo. Aje ofisini kesho asubuhi, na aje na simu yake.