Neno Shilingi na Asili Yake

Wasikilizaji wetu, hasa ninyi mlioko Msowero na nchi ya Kilosa, leo twapenda kusema habari za neno mlitajalo kila siku sokoni.

Shilingi ni neno la kale la Kiingereza. Wataalamu hawakupatana juu ya asili yake: wengine husema latokana na mlio wa madini, wengine na kukata vipande. Sisi twawaelekea wa kwanza, maana mwenye kuishuku sarafu huigonga juu ya jiwe na kutega sikio. Ajabu ni hii: kwa karne nyingi shilingi ilikuwa hesabu tu, wala si sarafu. Katika Wessex ilikuwa peni 5, kwa jirani zao wa Mercia peni 4. Baadaye ikawa 12. Sarafu yenyewe haikupigwa mpaka zamani za Mfalme Henry VII.

Kwenu Msowero Wadachi walitangulia. Novemba 1884 Mangungo alitia alama yake katika mkataba wa Carl Peters, uliotaja urafiki, kumbe ulitoa nchi. Mwaka 1898 ikaja kodi ya nyumba, na asiye na fedha akaenda kuitafuta katika mashamba ya Wazungu. Tangu 1904 rupia moja ilikuwa hela 100. Wadachi wameondoka, hela imebaki vinywani.

Shilingi ililetwa 1921, nayo ikagawanywa kwa senti 100. Waingereza wenyewe waliiacha 1971; sisi tungali twahesabu kwayo.