Mateso Yanaisha Namna Gani? Njia ya Yoga na Njia ya Msalaba

Masomo yetu ni Yoane 11:32-44 na Matayo 14:22-33. Mufungue Biblia, musome kwanza.

Watu wengi wanatuuliza juu ya yoga. Wameiona kwa televizheni na kwa simu: mtu amekaa chini, amekunja miguu, amefunga macho. Tangu mwaka wa 2015, tarehe 21 Juni ni siku ya yoga ya kimataifa, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa. Wanauliza: ni mazoezi ya mwili ao ni ibada? Tusijibu haraka. Amri ya Mungu inatukataza kumshuhudia jirani uongo, na Muhindu naye ni jirani. Tusikie kwanza yeye mwenyewe anafundisha nini.

Kitabu kikubwa cha njia hiyo kinaitwa Yoga Sutra, na mwalimu wake ni Patanjali. Kiliandikwa kule India, kwa lugha ya Kisanskriti, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Kina sura 4 za misemo mifupi. Juu ya kukunja na kunyoosha mwili hakisemi mengi. Neno lake kubwa ni mateso: yanatoka wapi, na mtu atawekwa huru namna gani?

Patanjali anataja mizizi 5 ya mateso: kutojua, kujiona, tamaa, chuki, na kung'ang'ania uhai. Huo wa mwisho unamshika hata mwenye hekima. Wa kwanza ndio unaozaa mingine yote. Anafundisha kwamba ndani ya mtu kuna roho safi inayotazama tu, inayoitwa purusha. Mwili, mawazo, furaha na uchungu si yeye, lakini mtu amechanganya mambo hayo na nafsi yake. Ni kama mwezi unaoonekana ndani ya maji ya Ziwa Kivu. Upepo ukivuma, mwezi unaonekana kutikisika. Kumbe mwezi uko juu, umetulia. Kinachotikisika ni maji.

Njia yake ina hatua 8. Inaanza na mwenendo: kutodhuru kiumbe, kusema kweli, kutoiba, kujizuia na uasherati, kutolimbikiza mali. Kisha nidhamu ya nafsi, kikao, pumzi, kuzuia macho na masikio, mpaka mawazo yatulie kabisa. Mwisho wake unaitwa kaivalya, maana yake kuwa peke yake: roho imejitenga, hakuna kitu kinachoigusa tena. Si Wahindu wote wanaofundisha hivi. Kitabu chao kingine, Bhagavad Gita, kinasifu njia ya kumpenda na kumtegemea mungu.

Wapendwa, hapa tujipime. Watu hawa waliona kwamba sehemu ya mateso yetu inatoka ndani yetu wenyewe. Na sisi je? Ugonjwa ukiingia nyumbani, tunatafuta mchawi, hata tunamshitaki mtoto mdogo. Tunafunga siku 3 tukiomba gari, lakini juu ya tamaa na chuki zetu hatufungi hata saa moja.

Lakini njia mbili hizi zinaachana. Patanjali anamtaja Bwana anayeitwa Ishvara, tena anafundisha watu kujitoa kwake. Ila Ishvara huyo mateso hayajamgusa hata siku moja. Bwana wetu yeye ameguswa. Kwenye kaburi la Lazaro alijua atamfufua, na bado alilia. Hakumwambia Maria kwamba machozi yake ni kutojua. Petro alipoanza kuzama, Yesu hakubaki juu kama mwezi. Alikuwa pale pale kwenye maji yenye dhoruba, akanyoosha mkono, akamshika. Na alipofufuka, alama za misumari zilikuwa bado katika mikono yake.

Basi ukombozi wetu hauko katika kuwa peke yetu. Ni kuwa pamoja naye, kwa neema, hata siku ile tumechoka na mawazo hayatulii.

Kwa hiyo, dada ao ndugu akinyoosha mgongo kwa ajili ya afya, tusimhukumu. Mgongo uliumbwa na Mungu. Ila tujue njia ile nzima inaelekea wapi, wala tusimpe mwokozi mwingine moyo wetu.

Na mama aliyezika mtoto, tusimwambie imani yake ni ndogo. Tusimwambie asahau. Twende kwake, tukae naye chini, tulie naye. Yesu alilia hivyo kabla ya kumfufua Lazaro.

Tuombe: Bwana Yesu, wewe uliyelia, utufundishe kuwakaribia wanaolia. Ung'oe ndani yetu tamaa na chuki. Utushike mkono katika maji haya. Amina.