Tumbo, Kisukari na Maziwa ya Mtindi: Tusidanganyane Ramadhan Hii

(Mawaidha ya afya kwa vijana na wazazi, yaliyotolewa baada ya swala ya Alasiri)



Sifa zote ni za Allah aliyetufikisha mwezi huu mtukufu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na maswahaba zake.

Wazazi wangu, vijana wenzangu, leo tuzungumze juu ya tumbo. Msicheke. Tumbo la mwenye kisukari lina mambo yake, na Ramadhan huzidi.

Naanza na nyumbani kwetu. Mama yangu ana kisukari aina ya pili na hutumia vidonge vya metformini. Ramadhan moja akaanza kuharisha. Dawa hii ina tabia hiyo kwa watu wengi, hasa mwanzoni au ikimezwa na tumbo tupu. Mimi mwanawe, kwa kujifanya najua, nikamletea mkebe wa vidonge vya "bakteria wazuri" kwa mtu aliyesema vinatibu tumbo na sukari pamoja. Mama akafurahi, metformini akaiweka kabatini. Kumi la kwanza halijaisha, tukampima: sukari 19! Mdomo mkavu, macho yana ukungu, na bado hataki kufungua. Tulimkimbiza hospitali, Allah akatusitiri. Kosa lilikuwa langu, ndio maana leo nimesimama hapa.

Je, hao bakteria wazuri ni uongo? La. Ndani ya utumbo mpana Mwenyezi Mungu ameweka vijidudu mabilioni kwa mabilioni. Hula kile ambacho sisi hatuwezi kukisaga, yaani nyuzinyuzi za kunde, mboga na nafaka zisizokobolewa, kisha hutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Mwaka 2012 watafiti nchini China walichunguza watu wenye kisukari aina ya pili, wakakuta baadhi ya vijidudu vinavyotoa asidi hizo vimepungua. Mwaka 2015 utafiti mwengine ukaonyesha kuwa sehemu ya mabadiliko ya vijidudu kwa wagonjwa hawa inaletwa na metformini yenyewe. Kwa hivyo uhusiano upo, lakini si jambo jepesi kama anavyolieleza muuza mikebe.

Probiotiki ni vijidudu hai ambavyo mtu akivipata vya kutosha humletea faida ya kiafya. Katika majaribio, baadhi ya wagonjwa wameshuka sukari kidogo, wengine hawakuona tofauti. Mwezi Machi 2024, idara ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu watengenezaji waseme kuwa kula yoghati angalau vikombe 2 kwa wiki huenda kukapunguza hatari ya kupata kisukari aina ya pili, kwa sharti waseme pia kuwa ushahidi ni mchache. Sikilizeni vizuri: hatari ya kupata. Hawakusema inamtibu aliye nacho.

Basi tufanyeje?

Kwanza, mtindi ni chakula kizuri, lakini chemsha maziwa kabla ya kugandisha, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kuleta homa ya brusela. Yaache yapoe mpaka vuguvugu, tia vijiko viwili vya mtindi wa jana, funika. Ukishakuwa mtindi usiuchemshe, vijidudu vitakufa. Na hamira ya mahamri nayo imekufa ndani ya mafuta, usijipe moyo!

Pili, angalia sukari. Soma maandishi ya yoghati ya dukani: kila gramu 4 za sukari ni kama kijiko kimoja cha chai. Mtindi mtupu nao una sukari ya maziwa. Gilasi moja yatosha, na ihesabiwe ndani ya futari, si juu ya kaimati, sharubati na tende kumi.

Tatu, lisheni vijidudu mlivyo navyo. Mbaazi, kunde, pojo na mchicha viwepo kwenye futari na daku. Ongeza kidogo kidogo, ukivamia utajaa gesi.

Nne, usiache dawa. Tumbo likisumbua, rudi kwa daktari. Kuna metformini inayoyeyuka polepole, ambayo wengi huivumilia zaidi, na saa za dawa hupangwa upya kwa ajili ya saumu. Tena kisukari cha miaka mingi kinaweza kuathiri neva za tumbo, mtu akashiba upesi, akatapika au akakosa choo. Hilo mtindi hauliondoi.

Tano, pimeni. Wanazuoni wengi wa zama zetu wanasema kutoboa kidole hakubatilishi saumu. Sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, fungua hapo hapo. Anayeharisha au kutapika pia asijikaze, maji yatamwishia mwilini. Allah katika Surat al-Baqara, aya ya 184, amempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyengine, na asiyeweza kabisa ana fidia. Muulizeni daktari, muulizeni na sheikh. Kuipokea ruhusa ya Mola wako si aibu.

Vijana, mna kazi usiku wa leo. Nenda kwa mama, baba, bibi au babu mwenye kisukari, umuulize kwa adabu: dawa ziko wapi, unazimeza saa ngapi, tumbo likoje? Wazee wetu huficha ili wasituharibie Ramadhan.

Mama yangu alilipa siku zake baadaye, alhamdulillah. Mtindi bado anakunywa kila jioni, na kidonge chake kiko pembeni ya gilasi.

Allah awaponye wagonjwa wetu na atutakabalie saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.