HOMA YA MZAZI HAINGOJI ASUBUHI

(Mada iliyotolewa msikitini baina ya Maghribi na Isha)

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba wake na kila aliyefuata uongofu wao mpaka Siku ya Mwisho. Amma baad.

Ndugu Waislamu, mada tuliyokabidhiwa ni maambukizi yanayomsibu mwanamke katika ujauzito na baada ya kujifungua. Huenda mtu akauliza, mambo ya wakunga yanaingiaje katika safu za wanaume? Jibu ni jepesi. Katika nyumba zetu nyingi, mwenye kutoa nauli, kutoa ruhusa na kusema "tungoje kwanza" si mgonjwa mwenyewe. Ni mume, au baba, au mama mkwe. Kwa hiyo uhai wa mzazi, usiku ule homa inapopanda, unakuwa mikononi mwa watu waliokaa hapa.

Maradhi yenyewe

Mtoto anapozaliwa na kondo la nyuma likabanduka, mahali lilipokuwa limeshika hubaki kama jeraha bichi ndani ya kizazi. Vijidudu vya bakteria vikifika hapo, kwa mikono, kwa vifaa au kwa kipande cha kondo kilichosalia, huzaliana haraka. Mwili hupambana navyo. Lakini mapambano hayo yakivuka mpaka, huanza kuviumiza viungo vya mwili wenyewe: shinikizo la damu hushuka, figo hulegea, pumzi huenda mbio, akili huchanganyikiwa. Hali hiyo ndiyo madaktari huiita sepsisi.

Shirika la Afya Duniani, katika tafsiri liliyoitoa mwaka 2017, halikuifunga hali hii katika siku za baada ya kuzaa peke yake. Liliingiza ujauzito wenyewe, uchungu wa kujifungua, na siku zinazofuata mimba kuharibika. Basi mjamzito ambaye chupa yake imepasuka kabla ya uchungu, au mwenye maambukizi ya mkojo yaliyopanda hadi kwenye figo, naye yumo. Aliyeharibikiwa na mimba na mabaki yakasalia tumboni yumo. Na aliyejifungua kwa operesheni hatari yake ni kubwa zaidi kuliko aliyejifungua kwa njia ya kawaida, kwa kuwa ana jeraha la pili. Kwa makadirio ya shirika hilo, takriban kifo kimoja katika kila vifo kumi vya uzazi duniani husababishwa na maambukizi.

Funzo la mikono

Katika hospitali kuu ya Vienna, nchini Austria, palikuwa na wodi mbili za wazazi. Mwaka 1846, katika wodi ya madaktari na wanafunzi wao, walikufa wanawake zaidi ya 11 katika kila 100. Katika wodi ya wakunga hawakufika 3. Daktari Ignaz Semmelweis alilitafuta jibu mpaka akatambua kwamba madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kuingia moja kwa moja kwa wazazi. Mwezi Mei 1847 aliwaamuru waoshe mikono kwa maji ya klorini. Vifo, vilivyokuwa vimefika 18 katika kila 100 mwezi Aprili, vilishuka hadi karibu 2 mwezi Juni. Wenzake wengi walimkataa, kwa kuwa iliwawia vigumu kukubali kuwa mikono yao ndiyo iliyobeba mauti.

Sisi ni umma wa twahara, na kuosha mikono si jambo geni kwetu. Hata hivyo tutofautishe. Udhu ni kwa ajili ya ibada. Mkono unaomgusa mzazi, uwe wa daktari, wa mkunga au wa shangazi anayekuja kumkanda, unataka maji yanayotiririka na sabuni. Wala kisiingizwe chochote ukeni mwa mzazi, si majani, si dawa ya unga, si kitambaa, hata kama ndiyo mila iliyorithiwa.

Mlango wa nifasi

Katika mlango wa twahara, vitabu vya fiqhi vimeichambua damu ya nifasi kwa makini. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika mwambao huu, muda wake wa kawaida ni siku arubaini na mwisho wake ni siku sitini. Wataalamu wa afya nao huhesabu kifo cha uzazi kuwa ni kile kinachotokea katika ujauzito au ndani ya siku 42 baada yake. Hesabu mbili hizi zinakaribiana mno, na hapo pana nafasi ya kheri.

Mwanamke wa Kiislamu hufundishwa kuitazama damu yake kila siku ili ajue lini ataoga na kuswali. Hakuna mwanamke aliye karibu zaidi na kugundua kwamba mambo yamebadilika. Basi mwalimu wa darasa la wanawake anapofundisha rangi ya damu na idadi ya siku, aongeze maneno machache: damu au majimaji yakitoa harufu mbaya, hiyo si hukumu ya twahara tena, ni safari ya hospitali.

Dalili zenyewe ni hizi: homa au baridi ya kutetemeka, maumivu ya tumbo la chini yanayozidi badala ya kupungua, majimaji yenye uvundo, jeraha la operesheni linalotoa usaha, mapigo ya moyo na pumzi kwenda mbio, mkojo kuwa mchache, kuweweseka au kulegea kupita kiasi. Tuzingatie kwamba wapo wanaozidiwa bila ya homa, na mwili ukawa wa baridi. Kutokuwa na joto peke yake kusitutulize.

Hoja zinazochelewesha

Ya kwanza husemwa, "Ni homa ya maziwa." Maziwa hujaa baina ya siku ya pili na ya nne, na homa ya kizazi nayo mara nyingi huanza katika siku hizo hizo za mwanzo. Kwa kukisia tu nyumbani hatutazitenganisha. Wengine husema ni malaria. Huenda ikawa, lakini malaria hujulikana kwa kipimo.

Ya pili husemwa, "Ni husuda," au "Amepandwa." Hatukatai kisomo cha Qur'ani, na dua ni silaha ya muumini. Lakini kisomo hakimlazimu mgonjwa kubaki kitandani kwake. Husomeka garini na husomeka wodini. Sepsisi huhesabiwa kwa saa, na inapothibiti dawa za kuua bakteria hutakiwa ziingie mwilini katika saa ya kwanza.

Ya tatu husemwa, "Hakuna daktari mwanamke." Akiwepo, ndiye wa kutangulizwa. Asipokuwepo, wanazuoni wamekubaliana kwamba dharura huruhusu kile ambacho katika hali ya kawaida kimezuiwa, kwa kadiri ya haja. Az-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki mapema katika karne ya 11, aliandika katika kitabu chake At-Tasrif namna ya kumtoa mtoto aliyefia tumboni na kondo lililokwama. Elimu hii haikuwa aibu kwa waliotutangulia.

Ya nne ndiyo nzito zaidi: "Akifa kwa uzazi ni shahidi, na qadari haikimbiwi." Ni kweli kwamba Mtume (s.a.w.) amemhesabu katika mashahidi mwanamke anayekufa kwa sababu ya uzazi. Lakini katika hadithi hiyo hiyo wametajwa pia aliyezama majini na aliyeangukiwa na jengo. Nani kati yetu anayemwona nduguye anazama akakaa ufukweni kumtakia shahada? Shahada ni rehema ya Allah kwa aliyekwisha kufikwa. Haikuwa kamwe ruhusa kwa walio hai ya kukunja mikono. Na Umar (r.a.), alipougeuza msafara usiingie Sham palipokuwa na tauni, aliulizwa kama anaikimbia qadari. Jibu lake, kwa maana, lilikuwa kwamba kuondoka kwao nako ni qadari.

Wajibu wetu

Watafiti wameyagawa machelewesho yanayoua wazazi katika mafungu matatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. La tatu ni amana ya wahudumu wa afya. Wao wanaweza: katika hospitali za Malawi na Uganda, mpango wa kuosha mikono na kutibu sepsisi mapema, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2025, ulipunguza vifo na madhara makubwa ya maambukizi ya uzazi kwa karibu theluthi moja. La pili hupungua kwa kujiandaa. La kwanza ni letu.

Kwa hiyo tunausia. Kila mwenye mke mjamzito aweke akiba ya nauli, na amjue mwenye gari tangu sasa. Ruhusa ya kwenda hospitali itolewe leo, mbele ya watu wa nyumbani, ili mume akiwa safarini pasiwe na wa kungojewa. Mzazi asiachwe peke yake katika siku za mwanzo; aulizwe asubuhi na jioni kuhusu homa, tumbo na damu yake. Akipewa dawa, azimalize, wala zisigawanywe na wengine. Na kamati ya msikiti, inayokusanya sadaka kwa ajili ya sanda na jeneza, itenge fungu la kumfikisha mzazi hospitali akiwa hai.

Qur'ani imetukumbusha katika Suratu Luqman tabu ya mama juu ya tabu katika kumbeba mtoto. Wema kwa mama huanza kwa kutomwacha afe katika jambo lililo na tiba.

Tunamuomba Allah (s.w.t.) awahifadhi wazazi wetu, awaponye walio wagonjwa, awarehemu waliotangulia, na atujaalie tuwe wepesi wa kutenda kabla ya wakati kupita. Wabillahi tawfiq.