Minyoo wa Udongo katika Bustani za Mboga

Wazee, walimu na ndugu wakulima wa Bangwe, leo nina neno moja: kabla hujanunua dawa, ng'oa mche mmoja utazame mizizi yake.

Mnyanya, mbilingani au mbamia ukinyauka mchana na maji yapo, wengi hudhani ya kuwa ardhi imechoka. Lakini mizizi ikiwa na vinundu vinundu mfano wa tangawizi, adui ni mnyoo mdogo sana asiyeonekana kwa macho, akaaye ndani ya mzizi na kula chakula cha mmea. Jike mmoja hutaga mayai mamia, na katika udongo wenye joto kizazi kipya hukomaa kwa wiki 4 hivi. Ila msidanganyike kwa maharage: vinundu vyake vya asili hubanduka kwa kidole, navyo vyafaa shamba. Vya mnyoo havibanduki, maana ni mzizi wenyewe uliovimba.

Zamani dawa yake ilikuwa sumu kali. Methili bromidi huharibu ozoni. Iliingizwa katika Mapatano ya Montreal mwaka 1992, na nchi zinazoendelea zikapewa hata mwaka 2015 kuiacha katika kilimo. Kabofurani nayo huua ndege na samaki, na mtu pia. Sisi tunaolima karibu na ziwa tukumbuke ya kuwa mvua huichukua sumu mpaka kwenye maji na dagaa.

Basi fanyeni hivi. Kwanza, mkiisha kuvuna, ng'oeni mizizi yote yenye vinundu, ikaushwe na kuchomwa; majembe nayo yaoshwe. Pili, wakati wa kiangazi lainisheni tuta, limwagieni maji, kisha lifunikeni kwa nailoni ipitishayo nuru, kingo zifukiwe, kwa wiki 4 hata 6. Joto litaua minyoo wengi walio juu, bali walio chini sana watabaki. Kwa hiyo, tatu, msirudie nyanya papo hapo, pandeni marejea. Watoto wa mnyoo huingia katika mizizi yake wasipate kukomaa, na majani yake yakifukiwa mabichi huwa mbolea.

Nanyi walimu, katika bustani ya shule funikeni tuta moja, jingine liacheni wazi, kisha pandeni nyanya katika yote mawili. Wakati wa kuvuna waiteni wazazi, mng'oe miche mbele yao. Mizizi itawaeleza kuliko maneno yangu.