Kabla ya Kumleta Mbwa Mkubwa Nyumbani

Leo tunazungumza juu ya mbwa.

Tuseme wezi wameruka ukuta mtaani kwenu, iwe ni Umoja, Kayole au Komarock. Baba watoto anasema, "Tutafute mbwa mkubwa." Jirani anawaambia si lazima kununua. Kule Karen, kando ya barabara ya Lang'ata, kuna chama cha KSPCA kinachookoa mbwa waliotupwa au kuteswa, kikawatibu na kuwatafutia makao mapya. Huenda mkampata German Shepherd, yule tunayemwita mbwa wa polisi, au hata Rottweiler.

Wazo hilo si baya. Lakini kabla hujakubali, mama, jiulize: mbwa huyu akifika, mtoto wangu atakuwa salama?

Kwanza, tazama nafasi. Rottweiler dume aliyekomaa anaweza kufika kilo 50 au zaidi. Mtoto wa miaka 3 ana kama kilo 14. Hata kwa mchezo tu, mbwa huyo atamwangusha. Tena ni mbwa wa kazi, anahitaji kutembezwa na kufunzwa kila siku. Ukimfunga mnyororo mchana kutwa kwenye ploti yenye wapangaji wengi, atajaa hofu na hasira, na anayepita karibu naye ni mtoto. Kama mnakaa chumba kimoja, au ghorofani bila ua, kufuli imara na taa ya nje zitawafaa zaidi. Kama mna ua wenye ukuta na geti, zungumzeni kwanza na mwenye nyumba na majirani.

Pili, uliza maswali. Amewahi kuuma? Amezoea watoto? Alichanjwa lini? Nenda na watoto wakamwone, nawe uangalie anavyowapokea. Ukiulizwa juu ya nyumba yako, usikasirike, kwani wanataka mbwa asirudi tena barabarani. Kadi yake ya chanjo iweke pamoja na kijitabu cha kliniki cha mtoto. Chanjo ya kichaa cha mbwa hurudiwa kila mwaka. Dawa ya minyoo mpe kila miezi 3, na kinyesi chake kizolewe kila siku, maana mayai ya minyoo hubaki kwenye mchanga ambao watoto wanauchezea.

Tatu, wiki za kwanza nenda polepole. Mbwa aliyeteswa huogopa mkono ulioinuliwa na kelele. Mpe pembe yake tulivu. Wafundishe watoto wasimguse akila, akilala au akinyonyesha, na wasimkumbatie shingoni. Mbwa akiwajia kwa ukali, wasikimbie. Wasimame wima kama mti, mikono chini. Na mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa hata dakika moja, hata kama unageuza chapati tu.

Je, mbwa akiuma? Hata awe mbwa wako, hata awe na kadi, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Kama mfereji umekauka siku hiyo, teka maji mtungini umimine kwa jagi. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala majani. Siku hiyo hiyo mpeleke hospitali, ueleze yote yaliyotokea. Mhudumu wa afya ndiye atakayeamua kama anahitaji sindano. Wengi bado wanaogopa zile sindano nyingi za tumboni walizosimuliwa zamani. Siku hizi mtu mzima huchomwa mkononi, na mtoto mdogo huchomwa pajani. Akianza, amalize zote.

Usingoje kuona dalili. Kichaa cha mbwa hukaa mwilini wiki kadhaa, mara nyingi miezi 2 au 3, bila kujionyesha. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Mbwa naye msimuue kwa hasira. Afungiwe, daktari wa mifugo amtazame kwa siku 10. Lakini matibabu ya mtoto yasingoje siku hizo ziishe.

Jambo la mwisho, na ndilo kubwa. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto akiumwa huweza kunyamaza, hasa kama alikuwa akimchokoza mbwa, akihofia kuchapwa. Hukunja suruali ikafunika kidonda, akaenda kulala. Kwa hiyo leo jioni, kabla mbwa yeyote hajaingia getini kwako, mwite mtoto umwambie: "Mbwa akikuuma au akikukwaruza, wetu au wa mtu mwingine, njoo uniambie. Sitakuchapa." Na siku akija, usimchape. Chukua sabuni.

Tukomee hapo kwa leo. Mweleze na jirani yako haya uliyoyasikia.